Kima wa Opala

Msafiri atokaye Kisangani hushuka mto Kongo hata Isangi, mahali uingiapo mto Lomami, kisha huupanda Lomami mpaka Opala. Huko Opala, mwaka 2007, watafiti walimkuta kima mdogo, jike, akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Uso wake mrefu, hauna manyoya. Na macho, msomaji mpenzi, kama ya mtu aliyezama katika fikira! Wakampiga picha. Mwenye nyumba akawaambia kwamba mnyama huyo huitwa lesula, na wawindaji wanamjua sana. Naam, walimjua, tena walimla. Vitabu vya wataalamu ndivyo vilivyokuwa havina habari zake.

Kwa maneno hayo ya wawindaji watafiti wakamfuata msituni. Mwaka 2012 lesula alitangazwa ulimwenguni, picha ya uso wake ikaenea magazetini, na mwaka 2016 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, katika Tshopo na Maniema.

Lakini sokoni Kisangani nyama ya mwitu huletwa imekaushwa kwa moshi, nyeusi, vipande vipande: mnunuzi haoni uso wowote.