Spika ya mwanangu na kaseti ya kaka

Jumamosi moja mwezi Juni, kabla hata jua halijatoka, niliichukua spika ya mwanangu nikaifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani. Nilikuwa nje ya nyumba naongea kwa simu na baba yake, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu, huku nasubiri toyo ya kubeba mikungu yangu ya ndizi kwenda gulioni Tengeru. Mara ule muziki ukaanza. Mzazi mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna kijana unaujua: singeli. Ila hii haikuwa ile ya kina Msaga Sumu tunayoisikia harusini. Hii ilikuwa kama cherehani iliyopata degedege. Juu yake kijana anapiga kelele bila kupumua.

Mwanangu ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Nilimwambia maneno mengi asubuhi ile, na mengine siyaandiki hapa. Hakujibu. Alisimama mlangoni akinitazama, mdogo wake wa miaka saba amejificha nyuma yake.

Nikiwa ndani ya daladala, tumeshapita Maji ya Chai... hapana, nakosea, Maji ya Chai iko upande wa pili, hata akili yangu siku ile ilikuwa imepinda. Tulikuwa tunashuka kuelekea Tengeru ndipo nilipomkumbuka kaka yangu.

Mwaka 2005 kaka alikuwa na kaseti ya X Plastaz. Wasomaji wa Arusha wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: lilikuwa kundi la hapa Arusha lililoanza mwaka 1996, ndani yake wamo ndugu wa familia moja, na pembeni yao Mmaasai Yamat Ole Meipuko, waliyemwita Merege, akiimba kwa sauti ya kimila juu ya midundo ya hip hop. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Ujerumani. Kaka aliinakili kwa rafiki yake, akawa anaipiga kwenye redio ya betri mpaka betri zikalia.

Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Jioni moja aliitoa ile kaseti kwenye redio, akauvuta utepe wote nje kwa vidole, akautupa shambani. Asubuhi tuliukuta umenasa kwenye majani ya migomba, unametameta kwa umande. Kaka aliuokota wote. Alikaa kwenye ngazi na kalamu ya wino akijaribu kuurudisha ndani, anazungusha, anazungusha, utepe umejikunja kama nywele. Hakusema neno. Wiki ileile aliondoka kwenda Mererani kuchimba tanzanite.

Simu yake ya kwanza ilikuja mwaka 2006, kupitia duka la jirani. Hakuuliza hali ya mtu. Alisema, "Wamemuua Faza Nelly." Nelly alikuwa mmoja wa wale wa X Plastaz, na aliuawa hapahapa Arusha. Kundi liliendelea bila yeye. Mwaka 2009 mwenzake Gsan alirap kwenye tuzo za hip hop za BET kule Marekani. Kaka yangu ndiye hakuendelea na sisi. Baba alipofariki alikuja mazishini, akasimama karibu na geti, akaondoka kabla ya chakula.

Basi siku hiyo ndizi niliziuza kwa hasara ili niwahi kurudi. Nikakuta nyumba kimya. Kijana hakula usiku ule, na Jumapili alijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Jumatatu usiku nilimkuta jikoni anapasha maharage. Nikamwambia, "Baba, hebu nionyeshe huo muziki wako." Alinitazama kama mtu anayetegewa mtego. Kisha akanipa upande mmoja wa spika za masikioni, upande mwingine akabaki nao, tukakaa kwenye vigoda.

Albamu inaitwa Sounds of Sisso. Imetoka mwaka 2017 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lakini muziki wenyewe ni wa studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Niliuliza mwimbaji ni nani. Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Mama, hayuko mmoja. Wimbo huu yupo huyu, ule yupo mwingine. Hata watengeneza biti wanabadilika." Akanitajia kina MCZO na Bamba Pana. Aliniambia pia kwamba Marekani kulikuwa na bendi ya punk, Ramones, ambayo mwaka 1976 ilitoa albamu ya nyimbo 14 zinazoisha kabla ya nusu saa, na wao pia walibadilishana watu. Sikujua mwanangu anasoma vitu hivyo. Anasoma kumbe.

Niliposikiliza vizuri nikakitambua kinanda cha taarabu, kimekimbizwa mpaka kinalia kama mbu. Alisema biti zinazidi 200 kwa dakika. Kliniki tulifundishwa kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100. Sitawadanganya kwamba niliupenda. Wimbo wa tatu kichwa kiliniuma, na kuna maneno kwenye singeli ambayo mtoto wa miaka saba hapaswi kuyasikia, hilo silirudi nyuma.

Nikamuuliza: sasa kwa nini alfajiri, na kwa sauti ile?

Alikoroga maharage muda mrefu.

"Mkianza na baba kwenye simu, naiweka ili dogo asisikie."

Nilibaki na kile kidude sikioni, muziki unaendelea kukimbia. Jumamosi ile tulikuwa tunagombania ada, na neno la mwisho nililomwambia baba yake lilikuwa kwamba asirudi. Nilidhani niko mbali vya kutosha, pale kwenye migomba.

Nilimpa ufunguo. Tulikubaliana: si alfajiri, si baada ya saa tatu usiku, na nyimbo zenye matusi ni za masikioni mwake mwenyewe. Mimi nami nina sharti langu, simu za ada naongelea barabarani, hata mvua ikinyesha. Baba yao nilimpigia kesho yake nikiwa njia ya kwenda Momella. Hatujamaliza, lakini tunaongea.

Wiki iliyofuata mwanangu alinisikilizisha wimbo waliourekodi wenyewe kwenye kompyuta ya stationery, pale Leganga. Walianza wanne, mmoja kahamishiwa Babati, mwingine kashika bodaboda, sasa wapo wawili na mtoto wa jirani. Unasikika kama mabati yanaporomoka. Niliomba aniwekee kwenye WhatsApp, nikamtumia kaka yangu Mererani. Hatukuwa tumeandikiana tangu Krismasi.

Siku mbili tiki zilikuwa za bluu bila jibu. Ya tatu ikaja sauti ya sekunde sita. Anacheka, nyuma yake jenereta inanguruma, halafu anasema, "Mwambie chalii aongeze besi."