Tone la oili lililonifunza kusema kweli

Mpenzi msomaji, umewahi kukiharibu kitu kwa sababu ulikuwa mbioni kukitengeneza? Mimi nimewahi. Tena hakikuwa changu. Kilikuwa cha marehemu baba.

Ninaizungumzia pikipiki aina ya Honda XL 125 iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Baba aliinunua kwenye mnada alipokuwa afisa wa mifugo, enzi ambazo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, kabla haijapewa wilaya yake mwaka wa 1992. Aliizungusha Kibwezi, Makindu na Wote akichanja ng'ombe na mbuzi, sanduku la dawa likiwa limefungwa nyuma kwa mpira. Siku hizo pikipiki zilikuwa chache mno hivi kwamba watoto walitambua ya baba kwa mlio wake kabla haijachomoza kilimani.

Ndani ya mfuko wa spana baba aliweka daftari dogo lenye jalada jeusi. Kila alipobadilisha oili aliandika tarehe, kilomita na alichokiona. Hakujificha humo. Ukurasa mmoja umeandikwa: "Nimesahau kupima oili wiki mbili. Kosa langu." Afisa mzima wa serikali, akijishtaki mbele ya daftari ambalo hakuna mtu aliyelisoma!

Alipofariki niliichukua pikipiki hiyo hadi Kitui ninakoishi. Wapo walionicheka, mwanamke na pikipiki kuukuu, lakini niliendelea kuiendesha. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, kitinda mimba wetu alipata nafasi chuoni. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa Sh58,000, na ilitakikana Jumatatu. Mama, ambaye sisi Wakamba humwita mwaitu, alinipigia simu, akasema kwa sauti ya upole: "Mwanangu, chuma hakiwezi kukaa kivulini huku mtoto akikosa masomo."

Sikuwa na la kumjibu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibwezi, mpenzi wa pikipiki za zamani, alikubali kuinunua kwa Sh60,000. Kazi yangu ikawa kuifikisha kwake Jumamosi.

Ijumaa jioni niliamua kuipamba. Niliiosha, nikaing'arisha, kisha nikamwaga oili yote na kutia mpya. Hapo ndipo shetani aliponiingilia. Nilipokuwa nikiirudisha ile bolti ya chini ya injini, nilihofia isije ikavuja mbele ya mnunuzi. Basi nikaikaza. Nikaongeza. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi. Nilisikia kitu kikilegea kidogo, kama jino linalong'oka, nikajiambia kwamba sasa imekaa sawasawa. Ile washa ya shaba niliirudisha vivyo hivyo, ilivyokuwa imebonyea.

Jumamosi asubuhi nilishika barabara ya kuelekea Kibwezi kupitia Mutomo na Ikutha. Wanaoijua njia hiyo zamani wanakumbuka vumbi lake. Siku hizi ni lami, na mtu huteleza kati ya mibuyu kama yuko ndotoni. Nami nilikuwa ndotoni kweli, nikimkumbuka baba, hadi punda wawili walipokatiza barabara kilomita mbili hivi kabla ya Mutomo.

Nilifunga breki. Gurudumu la nyuma likaniponyoka kama sabuni! Kufumba na kufumbua nilikuwa nimelalia upande mmoja, mguu ukiburura lami. Kwa neema ya Mungu sikuanguka. Nilipotazama chini, moyo uliniruka: kiatu changu cha kushoto kilikuwa kinang'aa kwa oili, na nyuma yangu, lami ilikuwa na mstari mweusi mrefu kama nyoka.

Nilizima injini papo hapo. Msomaji, likushike hilo kuliko yote nitakayosema leo. Pikipiki za zamani kama ile hazina taa ya kukuonya kwamba oili imekwisha. Injini yake hubeba lita moja hivi, na oili hiyo hiyo hulainisha pistoni, gia na klachi. Ikimwagika, chuma husagana na chuma, joto hupanda, na kwa muda mfupi sana injini hukwama, usiweze kuizungusha tena. Atakayesema "wacha nisukume hadi mjini" hununua injini nyingine.

Niliinama. Bolti niliyoikaza usiku ilikuwa inaning'inia. Niliizungusha kwa vidole ikazunguka bure, haishiki mbele wala nyuma. Nikaketi kando ya barabara, machozi yakinilengalenga. Karo. Mwaitu. Mwalimu anayengoja. Na baba, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kuangusha tone.

Kijana wa bodaboda alisimama. "Pole, dada. Panda, shika usukani." Akaweka mguu wake kwenye kikanyagio changu na kunisukuma polepole, injini yangu ikiwa imezimwa, hadi Mutomo. Nilipotaka kumlipa alikubali hela ya soda tu.

Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, karakana yake chini ya mwarobaini. Aliizunguka pikipiki mara mbili bila kuigusa, kama anayeamkia mgeni. Kisha akaitoa ile bolti na kuinua juu kwenye mwanga. Meno yake yalikuwa yamezungukwa na vipande vyembamba vinavyometameta.

"Hii si bolti iliyokatika," akasema. "Haya ni meno ya injini yenyewe. Bolti ni chuma kigumu, injini ni alumini. Vikishindana, alumini hushindwa. Nani aliikaza?"

Nilitamani kumtaja fundi fulani wa Kitui. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini mzee yule alikuwa akinitazama juu ya miwani yake.

"Ni mimi, mzee."

"Vizuri," akasema. "Sasa tunaweza kuanza kazi."

Aliokota bolti ndefu kidogo kutoka kwenye mkebe wake, ili ifikie meno ya ndani ambayo yalikuwa bado mazima. Akaipunguza ncha kwa tupa, akaijaribu, akaipunguza tena. Ile washa ya shaba hakuitupa. Aliipeleka kwa mama aliyekuwa anachoma mahindi jirani, akaiweka kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, kisha akaitumbukiza majini. Alinieleza kwamba shaba ikibonyezwa huwa ngumu na haizibi tena. Moto huirudishia ulaini wake. Aliikaza bolti kwa vidole, halafu kwa spana fupi, mzunguko mdogo tu, akaacha. Gurudumu la nyuma aliliosha kwa sabuni ya unga mara tatu, kwa maana oili kwenye tairi huua.

Tulitia oili mpya, tukawasha injini, tukatandika kadibodi chini na kungoja. Dakika tano. Kumi. Kadibodi ilibaki kavu. Oili ilinigharimu Sh700 na kazi yake Sh400.

"Hii itakufikisha Kibwezi na hata mbali zaidi," akaniambia, "lakini si dawa ya kudumu. Siku moja lazima yachongwe meno mapya. Mwenye pikipiki asisahau hilo."

Mwenye pikipiki! Maneno hayo yaliandamana nami hadi Mto Athi, mpaka wa Kitui na Makueni. Nilisimama karibu na daraja kupima oili, nayo haikuwa imepungua hata kidogo. Hakuna aliyejua yaliyotokea ila mimi, fundi na kijana wa bodaboda. Mwalimu angeona pikipiki inayong'aa, angenipa Sh60,000, na mdogo wangu angeenda chuo. Je, msomaji, wewe ungefanyaje?

Nilitoa daftari la baba ili nilifute vumbi kabla ya kulikabidhi. Nikaona ule ukurasa wake: "Kosa langu." Basi nikachukua kalamu, nikaandika tarehe, kilomita, na chini yake: "Bolti ya oili imekazwa kupita kiasi. Meno ya injini yameharibika. Imetiwa bolti ndefu kwa muda. Nimeyaharibu mimi."

Kibwezi, Mwalimu alinipokea kwa chai. Kabla hajaiwasha pikipiki nilimpa daftari lile. Alilisoma lote, ukurasa baada ya ukurasa, huku chai yake ikipoa. Alipofika mwisho alipiga magoti, akapapasa chini ya injini kwa kidole, akakitazama.

"Kuyachonga meno haya kutanigharimu," akasema. "Nitakupa Sh54,000, mwanangu."

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimepungukiwa na Sh4,000, na kwa dakika nzima niliujutia ukweli wangu. Nilijazia kutoka mfukoni mwangu, nikapanda matatu kurudi nyumbani, na mwezi ule nilikula muthokoi hadi nikauchoka. Jumatatu mdogo wetu aliandikishwa.

Baada ya miezi miwili Mwalimu alinipigia simu. Meno yalikuwa yamechongwa, na pikipiki haidondoshi hata tone. Akaongeza: "Ile bolti ndefu niliiona mara tu uliposimama langoni. Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia. Ungenyamaza, ungerudi nayo Kitui." Kisha akaniambia kwamba daftari analiendeleza, na siku nikifika Kibwezi nipite niiendeshe.

Basi, ewe uliye na pikipiki, ya zamani au ya kisasa, pokea haya kutoka kwa aliyeungua. Kabla ya safari, isimamishe wima na upime oili kwa kijiti chake. Tazama ardhi ilipolala usiku, kwa kuwa doa dogo la jana ndilo mto wa kesho. Unapobadilisha oili, tia washa mpya, au ilainishe ya shaba kwa moto. Bolti ikaze kwa mkono wa adabu. Na ukiona oili kiatuni, zima injini kwanza, maswali baadaye.

Na ukimuuzia mwenzako kitu, mwonyeshe mahali panapovuja. Penye nyufa hapafichiki, maana mvua huja.