Mashua ya Bei Nafuu
Nilizaliwa Entarara, chini ya Kilimanjaro, ambako twamjua ng'ombe kuliko samaki. Marehemu baba alipoazimia kununua mashua ndogo ya aluminiamu ili tuvue katika Ziwa Jipe, upande wa Taveta, alipata kuukuu ya bei nafuu. Aliisifu: nyepesi, haiozi kama mtumbwi wa mti. Mama alinyamaza, kisha akatuagiza tuijaze maji ingali nchi kavu. Maji yakachuruzika penye riveti tatu zilizolegea.

“Baba watoto,” akasema, “Jipe lina viboko na mamba, nasi sote hatujui kuogelea.”

Hatukuinunua. Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Hata hivyo, baba alifariki kabla ya kuvua. Nami hadi leo siwezi kumlaumu mama wala kuisahau mashua ile.