Kiraka Kimetoka, Umekipokea?

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi ndogo hapa Dar es Salaam: wahasibu, mawakala wa forodha, shule binafsi, na vile vibanda vya steshenari ambako watu huchapiwa barua na kujaziwa fomu. Kwa mteja mpya, swali la kwanza hunikuta hata kabla sijakaa: "Fundi, antivairasi ipi ni nzuri?" Mimi huanzia kwingine. Nafungua kivinjari, kiwe Chrome, Edge au Firefox, natafuta mahali panapoonyesha toleo, nasoma namba. Kwa namba hiyo najua ofisi inatunzwa au imeachwa.

Shughuli karibu zote za ofisi siku hizi zinapita ndani ya kivinjari: ritani za kodi, namba za malipo ya serikali, akaunti za benki, barua pepe. Na kivinjari kina tabia ambayo programu ya hesabu haina. Kinapokea maelekezo ya watu usiowajua na kuyatekeleza papo hapo ndani ya mashine yako. Ukurasa mmoja wa gazeti unaleta msimbo wa JavaScript, picha, fonti, video na matangazo ya kampuni ambazo hata mhariri hazijui. Vyote hivyo lazima vichambuliwe, na kila kichambuzi kimeandikwa na binadamu.

Mwaka 2020 wahandisi wa usalama wa Chrome walieleza kuwa takriban asilimia 70 ya dosari zao kubwa zinahusu matumizi mabaya ya kumbukumbu ya kompyuta. Lugha za C na C++ zina kasi sana, lakini zinamwachia mwandishi wa programu jukumu la kukumbuka nafasi ipi inatumika na ipi imeshaachiliwa. Karibu nusu ya dosari hizo zilikuwa za aina moja: programu inaachilia nafasi, kisha baadaye inairudia kana kwamba bado ni yake. Mdukuzi anapanga data zake zikae hapo katikati, programu ikirudi inazisoma na kuzitii. Ndiyo maana Mozilla ilianza kuandika upya baadhi ya sehemu za Firefox kwa lugha ya Rust, ambayo huyakataa makosa mengi ya namna hiyo kabla programu haijaanza kutumika.

Nisieleweke kwamba vivinjari ni dhaifu. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na utaratibu wa kuuzuia ukurasa ndani ya eneo lisilogusa mafaili yako. Baada ya dosari ya vichakataji iitwayo Spectre kutangazwa Januari 2018, tovuti tofauti zilianza kutengwa hata zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo mvamizi mara nyingi huhitaji matundu mawili, moja la kuingilia kwenye ukurasa na jingine la kutokea kuelekea kompyuta nzima. Matundu hayo ni ghali, na anayeyagundua kwanza hawapotezei wenye steshenari. Huyatumia dhidi ya waandishi wa habari, wanaharakati na maofisa wakubwa.

Hatari ya mteja wangu inaanza siku tundu linapozibwa.

Sehemu kubwa ya Chrome inajengwa juu ya Chromium, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Marekebisho yakiingizwa, yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha msimbo wa jana na wa leo, akajua kasoro ilikuwa mstari gani. Ni sawa na kutangaza mtaani kwamba komeo la aina fulani ni bovu: mwenye nyumba amesikia, na mwizi amesikia. Google yenyewe inazijua mbio hizi kati ya mwenye nyumba na mwizi. Zamani wastani wa muda kati ya kurekebisha msimbo na kumfikishia mtumiaji ulikuwa siku 35. Mwaka 2020 walianza kutoa marekebisho hayo, yaani viraka, kila wiki mbili, muda ukashuka hadi karibu siku 15. Agosti 2023 wakaamua kutoa kila wiki.

Mwezi uliofuata tuliona kwa nini. Tarehe 11 Septemba 2023 Google ilitoa kiraka cha dharura kuziba dosari moja ya Chrome na kukiri kwamba tayari kuna watu wanaitumia dosari hiyo. Walioiripoti ni timu ya usalama ya Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Kasoro ilikuwa kwenye maktaba ya libwebp, inayofungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuandika data nje ya mipaka ya kumbukumbu, bila mtumiaji kupakua faili wala kukubali chochote. Maktaba hiyohiyo ilikuwa ndani ya Firefox, ikabidi Mozilla nao watoe kiraka siku iliyofuata, na ndani ya programu nyingi za mezani zilizojengwa juu ya Chromium. Wiki ile nilizunguka kwa wateja nikieleza kwamba kutobonyeza viungo vya ajabu hakutoshi.

Nilichokikuta ndicho ninachokikuta kila mara. Chrome ilikuwa imeshapakua sasisho lenyewe, likasubiri kivinjari kifungwe na kufunguliwa, na hakuna aliyekifunga. Mhasibu mmoja aliniambia, "Kaka, nikifunga hapa nitapoteza kazi zangu zote." Nikamwonyesha mpangilio wa kuendelea pale ulipoachia, kurasa zikarudi. Fomu ambayo haijahifadhiwa hairudi, hilo nilimwambia pia. Hifadhi kwanza, kisha zindua upya.

Kwingine tatizo ni bando. Intaneti ya ofisi ni simu ya bosi, na kuna fundi aliyekuja kabla yangu akazima huduma ya masasisho ili MB zisiishe. Simlaumu bosi, bando linauma. Mimi hupakua kisakinishi kamili mara moja, nakibeba kwenye flashi, nakiweka kwenye kila mashine, kisha narudisha masasisho yajiendeshe.

Tatizo gumu ni kompyuta zenyewe. Windows 7 bado inafanya kazi kwenye steshenari nyingi, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109, la Januari 2023. Mozilla walirefusha muda wa viraka kwa Firefox 115 kwenye mashine hizo, nami nimeiweka kwa wateja wasio na uwezo wa kununua nyingine, lakini nawaambia waziwazi kuwa hiyo ni nafuu ya muda. Sasa Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Nimekutana pia na mfumo wa taasisi uliodai Internet Explorer peke yake. Januari 2010, Google ilipotangaza kuwa imevamiwa, njia mojawapo ilikuwa dosari ya Internet Explorer, na serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri raia watumie kivinjari kingine hadi irekebishwe. Microsoft iliistaafisha Juni 2022. Anayemlazimisha mteja wake kutumia kivinjari kilichostaafu anamhamishia hatari asiyoijua, na mkataba wa mfumo unapaswa kukataza hilo.

Wateja wangu walioibiwa, wengi wameibiwa kwa kudanganywa: ukurasa wa benki wa bandia, ujumbe wa zawadi, nywila iliyotolewa kwa hiari. Kiraka hakitibu hilo. Lakini udanganyifu unahitaji ukubali jambo, na dosari ya kivinjari haihitaji hata hilo.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Hifadhi kazi yako, fungua menyu ya kivinjari, nenda kwenye usaidizi, bonyeza sehemu ya kuhusu kivinjari, subiri kikague, kisha kizindue upya. Ondoa viendelezi usivyovikumbuka. Kwenye simu, sasisha kutoka duka rasmi la programu. Ukiambiwa kompyuta yako haipokei tena viraka, usiingie benki kwa mashine hiyo.