Baniani na Deni la Alfajiri

Kiswahili kimemfahamu Mhindu dukani kuliko kilivyomfahamu madhabahuni. Methali "Baniani mbaya kiatu chake dawa" inamtazama kama mtu wa mali, anayevumiliwa kwa manufaa yake tu. Taswira hii haikukosa mashiko katika miji ya reli. Njia ya kutoka Nairobi kupitia Ruiru ilipofika Thika mnamo 1913, biashara ilistawi kandokando yake, na wenye maduka wa Kihindi walikuwa sehemu ya ustawi huo. Si Wahindi wote walio Wahindu. Lakini kwa aliye Mhindu mshika dini, siku haikuanza kwa kufungua duka.

Kabla ya kuhesabu chochote, yeye huoga, huwasha taa mbele ya madhabahu madogo ya nyumbani, kisha huabudu. Mafundisho ya kale huita wajibu wa kila siku nitya karma. Neno lililo karibu nalo katika Kiswahili ni faradhi. Mashuhuri miongoni mwa faradhi hizo ni sandhya, ibada ya alfajiri, adhuhuri na magharibi. Jina hilo lina asili moja na "sandhi", istilahi wanayoijua wanafunzi wa fonolojia: maungano. Usiku na mchana vinapoungana, mja husimama na kukumbuka. Mswahili, ambaye saa zake huhesabiwa tangu macheo na machweo, hawezi kuuona mpaka huo kuwa mgeni.

Zipo ibada nyingine zifanywazo kwa kutaka kitu: mwana, mali au afya. Nitya karma haimo katika kundi hilo. Wanazuoni wengi wa Mimamsa walishikilia kwamba kuitimiza hakumletei mtu thawabu mahususi, ilhali kuiacha ni kosa. Ni deni, si mtaji. Hapa ndipo methali yetu inapopwaya: mtu anayesawiriwa kuwa mtumwa wa faida huianza siku kwa tendo lisilo na faida.

Deni hilo, hata hivyo, halikuwa la wote. Kwa desturi, sandhya ilikuwa ya wanaume wa matabaka ya juu. Arya Samaj, vuguvugu lililoasisiwa India mnamo 1875 na kufika Nairobi mnamo 1903, liliwafungulia wanawake na watu wa matabaka yote mlango huo.

Leo changamoto ni saa ya kazi. Kijana atokaye Thika kukiwa bado giza ili awahi zamu Ruiru yamkini hubakiwa na nafasi ya taa moja na maneno machache. Atauliza: kama hakuna thawabu, kuna haja gani? Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Mchana kutwa jasho lake litapimwa kwa fedha. Alfajiri ndiyo pekee isiyouzwa. Akiiacha, hakuna atakayemkata mshahara, na kwa sababu hiyo hasa ni rahisi kuipoteza.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wahindu 60,287 nchini Kenya. Ni wachache, lakini si wageni. Lugha iliyokikumbuka kiatu chao ina deni la kuikumbuka taa yao pia.