Uchaguzi Kabla ya Msimu

Kila mkulima anajua kalenda yake. Kuna mwezi wa kulima, mwezi wa kupanda, mwezi wa palizi na mwezi wa kuvuna. Uchaguzi nao una msimu wake. Hapa Tanzania, tangu mwaka 1965, uchaguzi mkuu umefanywa kila baada ya miaka 5. Mtu anahesabu kwa vidole na kujua mwaka wake.

Lakini ziko nchi ambako uchaguzi unaweza kuja kabla ya msimu. Watu wanalala wakijua kwamba uchaguzi uko miaka 3 mbele. Wanaamka, wanaambiwa kwamba watapiga kura baada ya majuma 7. Je, wanafurahi au wanakasirika? Wanakwenda kupiga kura au wanakaa nyumbani? Habari hii inatufaa hata sisi wa vijijini, na sababu mtaiona.

Mimi ni bibi shamba. Nimefanya kazi hii karibu miaka 20. Kazi yangu ni mbegu, mpunga na maji ya mfereji. Siasa za Ulaya si kazi yangu. Lakini redio ninasikiliza, na wakulima wananiuliza maswali. Mwezi Aprili 2017 tulikuwa katika palizi ya mpunga. Jioni moja redio ikasema kwamba Uingereza watafanya uchaguzi wa mapema. Mzee mmoja akaniuliza, "Bibi shamba, mbona hao wanavuna mpunga mbichi?" Sikuwa na jibu jioni ile. Lakini swali lilinipendeza, nikaifuata habari ile mpaka mwisho.

YALIYOTOKEA UINGEREZA

Uingereza inaongozwa na Waziri Mkuu. Wananchi hawamchagui moja kwa moja. Wanachagua wabunge, na kwa kawaida chama chenye wabunge wengi ndicho kinachotoa Waziri Mkuu. Bunge lao la Wawakilishi lina viti 650. Chama kikipata viti 326, kimepita nusu.

Mwezi Mei 2015 walifanya uchaguzi mkuu. Sheria yao ya mwaka 2011 ilisema kwamba uchaguzi utafanywa kila baada ya miaka 5. Kwa hiyo uchaguzi uliofuata ulitazamiwa mwaka 2020. Lakini Juni 2016 wananchi waliitwa tena, mara hii kwa kura ya maoni. Waliulizwa: nchi yetu ibaki katika Umoja wa Ulaya, au itoke? Asilimia 52 walisema itoke. Asilimia 48 walisema ibaki. Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, alitaka ibaki. Akajiuzulu. Mwezi Julai 2016 Mama Theresa May akashika nafasi yake.

Mama May alisema mara nyingi kwamba hakutakuwa na uchaguzi kabla ya mwaka 2020. Watu wakamwamini, wakaendelea na kazi zao. Halafu tarehe 18 Aprili 2017, watu wakiwa ndio wametoka katika sikukuu ya Pasaka, alisimama nje ya ofisi yake mjini London. Akatangaza kwamba anataka uchaguzi ufanyike tarehe 8 Juni 2017.

Sababu aliyoitoa ilikuwa hii: nchi inaanza mazungumzo magumu ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, na wapinzani Bungeni wanamzuia. Alitaka wananchi wampe nguvu. Wapinzani wake waliona sababu nyingine. Siku zile watu waliokusanya maoni ya wananchi walionyesha kwamba chama chake, Conservative, kiko mbele ya chama cha Labour kwa asilimia 20 hivi. Kwa lugha yetu ya shambani, alitazama shamba lake akaliona limestawi. Akatazama la jirani akaliona lina magugu. Akasema, tupimwe leo.

Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wakubali. Tarehe 19 Aprili wabunge 522 walikubali na 13 walikataa. Wapinzani wengi nao walikubali. Chama gani kitasimama mbele ya watu na kusema kinaogopa kura?

WATU WALISEMA NINI?

Waandishi wa habari wakaenda mitaani kuwauliza watu. Katika mji wa Bristol walimkuta mama mmoja mzee akipita njia. Alipoambiwa habari hiyo, alishangaa sana. Aliona kama anataniwa. Uchaguzi mwingine tena? Alisema siasa zimezidi. Maneno ya mama huyo yalirushwa nchi nzima, watu wakayarudia kila mahali. Hakuwa mtu mkubwa. Lakini alisema lililokuwa moyoni mwa wengi.

Tusiwacheke. Tazama watu wa Scotland, sehemu ya kaskazini ya nchi hiyo. Walipiga kura ya maoni Septemba 2014. Wakapiga kura ya uchaguzi mkuu Mei 2015. Wakachagua Bunge lao la Scotland Mei 2016. Mwezi uliofuata wakapiga kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya. Mei 2017 wakachagua madiwani. Na Juni 2017 wakaitwa tena. Ni mara 6 katika muda usiofika miaka 3. Hata mwenye nguvu angechoka.

Wako waliokasirika kwa sababu ya ahadi. Walisema: ulituambia hakuna uchaguzi, sasa upo. Kesho tukuamini kwa lipi? Wengine walifurahi. Hao walikuwa wanangoja nafasi ya kuunga mkono serikali, au ya kuiondoa.

Wako pia waliofanya jambo la maana bila kelele. Walikwenda kujiandikisha. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa tarehe 22 Mei. Siku hiyo moja tu, zaidi ya watu laki 6 waliomba kuandikishwa, na wengi wao walikuwa vijana.

HESABU ILIVYOTOKA

Ndugu wasomaji, majuma 7 ni mengi. Mpunga unaweza kustawi Aprili, na Juni ndege wakaumaliza. Mwezi Mei chama cha Conservative kilitoa ilani yake. Ndani yake kulikuwa na mpango wa kuwafanya wazee wengi zaidi walipie matunzo yao kwa thamani ya nyumba zao. Wananchi walilalamika. Baada ya siku 4 tu mpango huo ukabadilishwa. Mtu aliyesema yeye ni kiongozi imara akaonekana anayumba.

Usiku wa tarehe 22 Mei kukatokea msiba. Watu 22 waliuawa kwa bomu mjini Manchester. Tarehe 3 Juni watu 8 wakauawa London. Kampeni zikasimamishwa kwa muda. Watu waliomboleza, kisha wakaenda kupiga kura.

Kati ya kila watu 100 walioandikishwa, karibu 69 walipiga kura. Mwaka 2015 walikuwa 66. Basi waliosema wamechoka hawakukaa nyumbani wote. Wengi walinung'unika, wakavaa viatu, wakaenda.

Chama cha Mama May kilikuwa kimepata viti 331 mwaka 2015. Sasa kilipata 318. Labour walipanda kutoka 232 hadi 262. Kura za Conservative ziliongezeka, lakini za Labour ziliongezeka zaidi, na viti vikapotea. Mama May aliingia akitafuta wabunge zaidi, akatoka bila hata ile nusu aliyokuwa nayo. Ilimbidi aombe msaada wa chama kidogo cha Ireland ya Kaskazini chenye wabunge 10. Mwaka 2019 alijiuzulu kabla ya kuitoa nchi katika Umoja wa Ulaya.

Lakini tusiseme kwamba uchaguzi wa mapema huleta hasara siku zote. Desemba 2019 Boris Johnson wa chama hicho hicho alikwenda kwa wananchi kabla ya wakati, akapata viti 365. Mwaka 2022 ile sheria ya mwaka 2011 ilifutwa. Tarehe 22 Mei 2024 Rishi Sunak, naye wa chama hicho, alisimama mvuani nje ya ofisi akatangaza uchaguzi wa tarehe 4 Julai. Wengi waliutazamia baadaye katika mwaka. Chama chake kilibaki na viti 121 tu. Uchaguzi ni ule ule wa mapema, lakini mavuno si yale yale. Anayepiga hesabu ni kiongozi. Anayetoa jibu ni mwananchi.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Jirani zetu wa Kenya walipiga kura Septemba 1983, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya muda wao kwisha. Hapa kwetu Katiba inataja sababu za Rais kulivunja Bunge kabla ya muda, kama vile Bunge kukataa bajeti ya serikali. 

KIKUNDI CHETU CHA MFEREJI

Sasa nije bondeni kwetu. Katika eneo langu la kazi kipo kikundi cha wakulima wanaotumia mfereji mmoja. Mwenyekiti na kamati yake ndio wanaopanga zamu za maji. Kikundi kikivunjika, walio juu wanafungulia maji wanavyotaka, na walio mwisho wa mfereji wanapata tope. Nimeona mpunga wa wajane ukikauka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo uchaguzi wa kikundi si mchezo. Ni chakula cha watoto.

Katiba ya kikundi inasema uchaguzi ni kila baada ya miaka 3, na wanachama wapewe taarifa siku 14 kabla. Msimu mmoja mwenyekiti alitangaza uchaguzi mwaka mzima kabla ya wakati. Alitoa taarifa ya siku 3. Mfereji ulikuwa umetoka kutengenezwa, na kila mtu alikuwa akimsifu. Msimu uliofuata michango ya maji ingepanda. Tena yalikuwa majuma ya kuamia ndege. Mama mmoja aliniuliza, "Nikienda mkutanoni, ndege wangu nimwachie nani?"

Wako waliosema wasiende kabisa, wamwachie uchaguzi wake. Wako waliosema liwalo na liwe, wampe kura wamalize. Mimi si mwanachama, sina kura pale. Lakini waliniomba maoni, nami niliwasimulia habari za Uingereza kama nilivyowasimulia ninyi. Nikawaambia: msimwachie uwanja kwa hasira, na msimpe kura kwa uchovu. Someni katiba yenu kwanza.

Waliisoma. Wale waliojifunza kusoma ukubwani ndio walioshika kijitabu, wakawasomea wenzao mstari kwa mstari. Wakamwendea mwenyekiti kwa heshima. Hawakukataa uchaguzi. Walitaka mambo mawili: taarifa ya siku 14, na mahesabu yasomwe kabla ya kura. Mwenyekiti alikubali, kwa sababu ndivyo katiba ilivyosema. Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Mahesabu yalisomwa mbele ya wote. Mwenyekiti alichaguliwa tena. Mweka hazina hakuchaguliwa. Zamu za maji zikaendelea, na wa mwisho wa mfereji wakavuna.

TUJIULIZE

Uchaguzi wa ghafla ukitangazwa, wa nchi, wa ushirika au wa kikundi, tujiulize maswali haya:

1. Sheria au katiba inaruhusu? Inataka taarifa ya siku ngapi?
2. Sababu tuliyopewa ni ipi? Je, iko sababu nyingine ambayo hatukuambiwa?
3. Kwa nini leo, na si msimu ujao? Ni kitu gani kitakuja msimu ujao?
4. Jina langu limo katika orodha ya wapiga kura?
5. Kazi aliyofanya huyu tuliyemchagua, nimeipima mimi mwenyewe, au nasikia sifa tu?

Kuchoka si kosa. Kunung'unika si kosa. Mkulima aliyeamka alfajiri ana haki ya kusema amechoka kuitwa mikutanoni. Lakini zamu ya maji inaweza kuangukia saa 8 za usiku, na mvua inanyesha. Unaweza kumlaumu aliyepanga zamu, na kesho ukamwambia wazi mbele ya kikundi. Usiku huo, chukua taa na jembe, nenda ukafungue maji. Usipokwenda, maji hayatakungoja. Yatapita, yaingie katika shamba la mwingine.