Vidole Vinavyochuma Blanketi

Mpwa wangu anasomea uuguzi, yuko mwaka wa tatu. Pasaka alikuja kwangu Kapkatet, tukawa jikoni tunamenya viazi, akanisimulia habari za mgonjwa wa ICU ambaye madaktari wameshaandika kwenye faili kwamba moyo ukisimama asihuishwe. Kisha akauliza: "Sasa shangazi, nesi anamfanyia nini tena?"

Aliuliza kwa moyo safi. Kisu kilinisimama mkononi.

Nilianza kazi katika hospitali ya mashamba ya chai, Kericho. Cheti kinasema 1984. Mimi husema mwaka wa njaa, inatosha. ICU hatukuwa nayo. Mahututi aliwekwa kitanda cha kwanza, karibu na meza ya sista, akazungushiwa pazia la kijani. Usiku kitanda hicho kilikuwa cha sista mmoja wa Litein, mwanamke mrefu mwenye viatu vya raba visivyosikika. Wengine tulikatazwa kukigusa mpaka tutazame kwanza.

Trei yake naiona hadi leo: bakuli la maji ya vuguvugu, sabuni, pamba, Vaseline, na kikombe cha gliserini iliyokamuliwa ndimu, ya kusafishia mdomo uliokauka. Mvua ya mawe ikishapiga mabati jioni na kunyamaza, alifungua dirisha kidogo. Harufu ya majani yakikaushwa kiwandani iliingia, ikachanganyika na Dettol. Nikipita karibu na kiwanda usiku, mpaka sasa, wodi ile hunirudia nzima, na miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe.

Kuna mama mmoja, mchumaji kutoka Kisii, aliyekuwa na kansa ya umio, ugonjwa huu unaotumalizia watu hasa upande wa Bomet. Hata maji hayakupita. Usiku wa mwisho vidole vyake vilianza kuchuma blanketi: kidole gumba na viwili vingine, vinashika, vinakata, vinatupa nyuma ya bega, palipokuwa pakikaa kikapu. Wauguzi wanaijua dalili hiyo, mtu akikaribia kwenda huchezea shuka. Mimi nilitaka kumfunika mikono atulie. Sista akanizuia. "Mwache, mwanangu, yuko kazini." Akauweka mkono wake chini ya vile vidole, vikachuma kiganja chake mpaka alfajiri. Alimwita mama wa fulani, kwa jina la kifungua mimba wake, kwa Kigusii alichojifunza kwa wagonjwa. "Anasikia," alituambia. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima mawimbi ya ubongo ya watu waliokuwa wakikata roho bila fahamu, wakakuta baadhi yao ubongo bado unaitikia sauti. Sista hakungoja vipimo.

Na mama alipokata roho, sista aliendelea kumwambia: "Nakugeuza sasa, mama. Nakuosha mgongo."

Baadaye mambo yalikimbia. Nairobi Hospice ilifunguliwa 1990, na polepole tukajifunza kwamba morfini ya maji inaweza kumpa mtu wa kansa usiku wa usingizi. Maumivu ambayo tuliyadhani ni sehemu ya kufa hayakuwa lazima. Zikaja serikali za kaunti, zikaja mashine za ICU mwaka wa 2015 na kuendelea, ikaja Korona, wauguzi wakawashikia wagonjwa simu sikioni ili watoto waage.

Mashine sizilaumu. Nimeona kijana aliyekunywa dawa ya kupe akipumuliwa siku nyingi, akatoka kwa miguu yake. Ninalolaumu nililiona kwa kaka yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tuliingia mmoja mmoja, dakika tano tano. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa Januari. Nesi aliingia mara tatu, mara tatu akatazama kioo cha mashine, akaandika, akatoka. Nilitafuta pamba kitandani kote. Ilikuwa kwenye droo, haijafunguliwa.

Hayo yote nilimweleza mpwa wangu, viazi vikawa vyeusi ndani ya sufuria. Akauliza: "Na akiwa na bomba la hewa mdomoni?"

Nikamlaza kwenye kochi, nikamwambia aume kalamu ndiyo iwe bomba. Unapitisha pamba mbichi ndani ya shavu, upande huu, kisha ule, bila kulisukuma bomba. Unamalizia na midomo, na pamba unaikamua kwanza, maji yasimwingie. Kila baada ya saa chache, hata kama faili limeshaandikwa yote.

Tukabadilishana, nikalala mimi na kalamu. Nikafumba macho. Alianza na pamba. Nikaibana midomo, sikuifungua.

Alinyamaza kidogo.

"Shangazi," akasema, "nakusafisha mdomo sasa."